Ukiambiwa ubaki na rivolva moja tu ya Magnum, ya kudumu na ya kupigia sana, unachukua ipi?

Kipanga

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya wazoefu. Nimeamua niwe na rivolva moja tu ya Magnum, yaani ya zile risasi zenye nguvu zaidi, moja basi, nizeeke nayo. Kazi yake kubwa ni shabaha, kupiga karatasi na sahani za chuma, kuibeba kiunoni kutwa nzima sio habari yangu kwa hiyo uzito haunisumbui. Nachotaka ni vitu viwili, isichoke mapema, na iwe tamu kupiga, manake kuna bastola ngumu kweli kweli lakini ukimaliza silinda mbili hutaki tena kuiona.

Nimezunguka kati ya kaliba ya .357 na ya .44 mpaka nimechanganyikiwa, kila mtu anavutia kwake. Huyu Smith & Wesson 686, yule Ruger GP100, mwingine anakwambia kama sio Colt Python usihesabu. Sasa wewe ukilazimishwa kubaki na moja, ipi, na kwa nini? Naomba sababu, jina tupu halinisaidii.

Fundi_Silinda

Mkuu karibu. Mimi ni GP100 ya .357, stenlesi, mtutu wa inchi 4 au 6. Sasa sababu.

Anza na kaliba kabla hujaangalia jina la kiwanda. Bastola ya .357 inapiga na .38 Special, na kwa mtu anayetaka kupiga sana hilo ndo jambo kubwa kuliko yote. .357 ilitoka 1935, Smith & Wesson walichukua .38 Special iliyokuwepo tangu 1898 wakarefusha ganda kama milimita tatu na ushee, ili risasi ya Magnum isiweze kukaa kwenye bastola za zamani za .38 ambazo haziwezi kuihimili. Presha zake haziko hata karibu, .38 ya kawaida mwisho wake ni psi (kipimo cha presha) 17,000 na .357 ni psi 35,000. Sasa ukiwa na chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya 35,000 na muda mwingi unakilisha 17,000, kitachoka lini? Siku ukitaka ngurumo unaweka Magnum zako unafurahi, kesho yake unarudi kwenye .38. Angalizo moja tu, ganda la .38 ni fupi kwa hiyo linaacha pete ya masizi kwa mbele ndani ya matundu ya silinda, ukipiga nyingi bila kusafisha alafu ukaleta ganda refu la .357 litagoma kuingia, au litaingia likagoma kutoka. Brashi ipite kila ukimaliza, na uisugue pale pale kwenye pete.

Fremu sasa. GP100 ilitoka 1985 ikachukua nafasi ya Security-Six, rivolva ya Ruger ya kabla yake, na ilichorwa kwa ajili ya mtu anayepiga Magnum tupu. Haina kile kifuniko cha pembeni cha skrubu, kuta zote mbili ni chuma kizima na mtambo wa triga unaingilia kwa chini. Silinda inafungwa nyuma na inafungwa mbele pia, pale kwenye mkono wake, kile kipande kinachoibeba ikifunguliwa pembeni. Alafu angalia vile vijishimo vya nje vya kufungia silinda, havikukaa katikati ya tundu la risasi pale chuma kilipo chembamba, vimesogezwa pembeni. Ni vitu vidogo hivi ndo vinaamua baada ya miaka, sio maandishi makubwa kwenye mtutu.

Na kuifungua ni raha. Hakikisha haina risasi, toa mshikio, vuta nyundo nyuma, chomeka kapini kwenye katundu ka mhimili wa springi, achia nyundo taratibu, springi kubwa inatoka ikiwa imebanwa kwenye mhimili wake haikurukii usoni. Baada ya hapo unatoa nyundo, na mtambo mzima wa triga unashuka kipande kimoja mkononi. Unaosha, unapaka mafuta kidogo, unarudisha. Bastola unayoweza kuisafisha mwenyewe mpaka ndani ndo itakayodumu.

Mzee wa L

Fundi kwenye kaliba umemaliza, sina la kuongeza. Kwenye chuma ndo tunaachana.

Kijana kasema isichoke na iwe tamu kupiga, wewe umemjibu nusu ya swali. Chukua 686 ikiwa tupu, vuta triga dabo eksheni (triga yenyewe ndo inainua nyundo) polepole, inateleza kuanzia mwanzo mpaka nyundo inaanguka. Chukua GP100 mpya ufanye hivo hivo, utasikia mchanga mchanga njiani. Najua inalainika kwa matumizi na kwa kubadilisha springi, lakini mtu wa shabaha anashinda kwenye triga, hiyo ndo anayoigusa kila risasi, mambo ya vijishimo vya silinda haigusi hata siku moja.

Na hiyo 686 haikuzaliwa hivi hivi, ilizaliwa na tatizo la kudumu ambalo ndo swali lenyewe. Mwaka 1955 Smith & Wesson walitoa Combat Magnum, baadaye ikaitwa Model 19, fremu ya saizi ya kati wanayoiita K, nyepesi, tamu kushika, polisi wa Marekani wakaipenda mno. Mazoezi walikuwa wanafanya na .38, Magnum wanabeba tu. Baadaye wakaanza kufanya mazoezi na Magnum zenyewe, hasa zile za kichwa chepesi cha greini 125, kama gramu 8, zinazokimbia zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Sasa kwenye fremu ya K mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inaporukia kutoka kwenye silinda, umekatwa bapa upande wa chini ili mkono wa silinda upate nafasi. Pale ndo pembamba, na pale pale ndo palikuwa panapasuka. Ndo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaleta fremu ya L, kubwa kidogo kuliko K, 586 ya rangi nyeusi na 686 ya stenlesi, mdomo wa mtutu mnene duara zima, chuma kinashuka chini ya mtutu mpaka mwisho kuongeza uzito mbele, lakini sehemu ya mshikio ni saizi ile ile ya K. Mtutu wa inchi 4 ina kama kilo 1.1, na uzito umekaa mbele kwa hiyo ukipiga mdomo haurukiruki.

Ukitaka kumnyamazisha Fundi chukua ile ya risasi saba. Matundu yakiwa saba kijishimo cha kufungia kinaangukia kati ya tundu na tundu, kwenye chuma kinene, kwa hiyo ile hoja yake ya vijishimo inakwisha.

Dada Shabaha

Mimi naongezea la mikono maana naona wote mnaongelea chuma tu. Kaka Kipanga, GP100 na 686 zote mbili ni nzuri, nimepiga zote na nazipenda, lakini kilichoamua kwangu ni mshikio. Ukishika, kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa ile nyama ya mbele bila kuzungusha mkono mzima, na mtutu uelekee sambamba na mfupa wa mkono wako. Ukiona inabidi uupindishe mkono ndo ufikie triga, teke litakupiga kwenye kifundo cha dole gumba na utaanza kufumba macho kabla ya mlio, na ukishaanza kufumba macho huna shabaha. GP100 kwa ndani pale kwenye mshikio kuna kijiti tu cha chuma, kwa hiyo unaweza kuvalisha mshikio mwembamba sana au mnene sana upendavyo, kwa mikono midogo hiyo ni neema.

Lingine, usidanganywe na Magnum za aloi nyepesi. Zinabebeka vizuri, sibishi, lakini za kupigia sana hapana. Teke lake ni kali na linaumiza, na linafanya kitu ambacho wengi hawakitegemei, kila ukipiga moja zile zilizobaki kwenye silinda zinashtuka, vichwa vya risasi vinaanza kuchomoka mbele kidogo kidogo kwenye maganda yake, mwisho kimoja kinachungulia nje ya silinda kinagonga fremu na silinda haizunguki tena. Nimeliona kwa macho, mtu kasimama kwenye mstari anavuta triga na haiendi popote. Uzito ni rafiki yako mkuu.

Ngurumo44

Naona .44 imetupwa nje hata haijapigiwa kura. Hoja ya .38 ndani ya .357 iko sawa, lakini .44 Magnum ya 1956 nayo ni mtoto wa .44 Special ya 1907, ganda limerefushwa vile vile, kwa hiyo kwenye .44 Magnum unapiga .44 Special mchana kutwa, kichwa kizito, kinaenda taratibu, teke lake ni la kusukuma sio la kuchapa. Kwenye sahani za chuma utaona tofauti, .38 inagonga, .44 inaangusha.

Kwa kudumu basi nitajieni kitu kinachomzidi Super Redhawk ya Ruger. Ilitoka 1987, fremu imerefushwa mbele ikameza mzizi wa mtutu, na fremu hiyo hiyo ndo inabeba .454 Casull ambayo presha yake ni psi 65,000. .44 ni psi 36,000. Sasa hapo utaichosha na nini? Kwa anayependa nyundo ya kuvuta kwa mkono kuna Super Blackhawk ya Ruger hao hao, singo eksheni, vipande vichache, hamna mkono wa silinda wa kupinda. Ila ukinunua ya zamani iliyotengenezwa kabla ya 1973 ujue haina kile kipande cha usalama kati ya nyundo na pini, ikianguka inaweza kujifyatua, hizo zinabebwa risasi tano na nyundo inakaa juu ya tundu tupu, na hapo hakuna mjadala.

Kipanga

Asanteni sana, mmenifungua. Ngurumo nimekuelewa ila nafikiri kwa wingi wa risasi ninazotaka kupiga nabaki .357, .44 Special sio rahisi kupata kama .38. Dada nashukuru kwa la mshikio, hilo sikuliwaza kabisa. Sasa Python je? Na nikikutana na iliyotumika, iwe yoyote kati ya hizi, naangalia nini nisije nikauziwa iliyochoka?

Fundi_Silinda

Python kwanza utofautishe mbili. Ya 1955 mpaka 2005 ni nzuri kupita maelezo, silinda inafungwa kwa kubana kabisa wakati wa kufyatua, ndo siri ya shabaha yake, lakini kubana huko huko kunakula vipande vya ndani, taratibu inapoteza taimingi (silinda kukaa sawa na mtutu kwa wakati) na kuirekebisha kunataka fundi anayeijua hasa, na hao wanapungua. Iliyorudi 2020 wameichora upya ndani, vipande ni vichache na fremu imeongezwa chuma juu, hiyo hata mimi nisingeikataa. Kama unatafuta ya kudumu na ukakutana na Manurhin MR73 ya Ufaransa, ile waliyopewa GIGN, kikosi maalum cha Ufaransa, hiyo nayo ni daraja la juu, shida ni kuipata.

Kukagua sasa. Fungua silinda uone ni tupu, rudia tena kuona. Funga. Gusa silinda kidogo kwa kidole kama breki, vuta nyundo polepole sana kwa dole gumba, usikilize. Kufuli linatakiwa kusikika tik, silinda imekaa, kabla au sambamba na nyundo kufika mwisho. Nyundo ikifika na silinda bado inaogelea hiyo taimingi imekwenda. Fanya hivyo kwa matundu yote sita, usiishie la kwanza, mara nyingi ni moja tu ndo bovu.

Kisha sukuma silinda mbele na nyuma, mchezo uwe wa kuhisi kwa shida, ukiuona kwa macho acha. Nafasi kati ya silinda na mtutu iwe kama milimita 0.1 hadi 0.2. Mulika tochi kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu utafute ufa, hasa upande wa chini kabisa kama ni Model 19 ya zamani. Kamstari kalikoliwa na moto kwenye fremu juu ya mtutu kasikutishe, kanachimbika kidogo mwanzoni alafu kanasimama.

Mzee wa L

Na umwangalie muuzaji anavyoifunga. Ukiona anairudisha silinda kwa kutikisa mkono paa kama muvi, mshukuru uondoke, mkono wa silinda ule ushapinda au uko njiani. Silinda inarudishwa kwa kiganja. Na maganda yakitolewa mdomo uangalie juu, piga fimbo mara moja kwa nguvu, punje za baruti zisizoungua zidondoke nje zisiingie chini ya ile nyota ya kutolea maganda, maana punje moja tu pale chini inatosha kufanya silinda isifunge na ukadhani bastola imekufa.