"Get, kupata": aliyetufundisha hivi anirudishie hela yangu

Jamani, nimechoka. Nipo Kampala mwaka wa pili huu, nauza vipuri vya pikipiki huku Kisenyi, jioni nasoma Kiingereza. Darasa la kulipia, si la bure. Siku ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni: get, kupata. Tukanakili, tukaenda kulala tumeridhika.

Jana bosi kaja kabeba boksi la betri mikono miwili, ananipigia kelele: "Get the door!" Nipate mlango? Mlango si huo hapo? Nikaukimbilia, nikaukumbatia kabisa, yeye kasimama nje jasho linamtiririka. Kumbe anataka nimfungulie! Wateja walicheka mpaka mtu wa boda mmoja akakaa chini.

Usiku nikakaa na simu kutafuta. Get up, kuamka. Get off, kushuka. Get away with it, kufanya kosa na usikamatwe. Get lost, potelea mbali, na mimi kuna mtu alishaniambia hivyo nikamjibu asante, najua njia. Na yule mwenzetu "he got fired"? Nilielewa amepata moto, nikauliza amelazwa hospitali gani. Kumbe kafukuzwa kazi!

Msiniletee habari za "piga". Ndiyo, tunapiga simu, pasi, mswaki na deki, lakini neno linalofuata linakushika mkono. Pasi ni pasi. Sasa "off" na "up" zinamshika nani mkono? Kwenye teksi namshukuru Mungu Kiganda kipo: unasema "maaso awo", unashuka, yamekwisha.

Halafu neno lenyewe hata si la Waingereza, walilitoa kwa Waviking, na huko kweli lilikuwa kupata. Kwa hiyo mwalimu wangu hajakosea, kachelewa tu kama miaka 800. Na wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Hicho sijakigusa, nakiogopa.

Leo nimemfuata mwalimu, nikamwambia wazi kwamba ametudanganya. Akacheka, akanigonga bega: "You will get used to it."

Nikafungua daftari palepale. Get, kupata. Used, mtumba.

Wakubwa, nitapata mtumba gani?