Msaidizi wa AI hasomi jedwali jipya la Postgres

Wakuu, nimemuunganisha msaidizi wa kuandika kodi (code za programu) na Postgres, yaani hifadhidata yangu, kupitia seva ya MCP (kiunganishi cha AI na zana za nje), kwa roli (akaunti ya hifadhidata yenye ruhusa zake) iitwayo msaidizi. Majedwali ya zamani anayasoma vizuri. Jipya linaleta "permission denied for table". Shida iko wapi?

Jibu: Mkuu, amri ya kutoa ruhusa ya kusoma, GRANT SELECT ON ALL TABLES, hugusa majedwali yaliyopo wakati huo tu. Lile jipya lipe ruhusa sasa, kisha kwa yajayo endesha:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA public GRANT SELECT ON TABLES TO msaidizi;

Iendeshe kwa roli ileile inayounda majedwali. Wengi hukwama hapo: ukitumia roli nyingine amri inapita bila kosa, ila haisaidii kitu.

Jibu: Usitegemee default_transaction_read_only (mpangilio wa kuruhusu kusoma tu) peke yake, amri moja ya SET inaizima. Kinga ya kweli ni roli isiyo na haki ya kuandika.

Jibu: Nenosiri la hifadhidata likae kwenye kigeu cha mazingira (environment variable), si ndani ya .mcp.json, faili la mipangilio ya MCP, inayoingia Git pamoja na kodi ambayo wengine huiona. Na tafadhali mpe msaidizi nakala ya hifadhidata yenye data ya majaribio, si ile halisi. Maandishi ya mteja ndani ya rekodi yanaweza kubeba maagizo, naye akayafuata.