Wakuu, samaki wananifia kila nikiosha tangi. Nakosea wapi? (Arusha)

Baba Wawili, Sakina

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kufuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba, hasa mlioko Arusha, maana naamini maji na baridi ya huku vina mambo yake.

Binti yangu wa miaka 9 alifanya vizuri darasani, nikamwahidi zawadi, akachagua samaki. Fundi vioo alinitengenezea tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, linaingia kama lita 55 nikiacha nafasi juu. Siku ile ile nikanunua samaki 14: gapi kumi, wawili wa dhahabu, na enjelifishi wawili, wale bapa wenye mapezi marefu. Nikapewa na pampu ya hewa na chujio dogo la sponji. Muuzaji akaniambia nibadilishe maji kila wiki, basi.

Nimelishika neno hilo kwa bidii. Kila Jumamosi nawahamishia samaki kwenye ndoo, namwaga maji yote, nasugua vioo, naosha changarawe kwa sabuni ya unga na kuisuuza mara tano, sponji naikamua bombani mpaka itoke safi kabisa. Kisha najaza maji ya bomba. Jumapili wanacheza vizuri. Jumanne wanapanda juu kuvuta hewa, na kufika Alhamisi nakuta mmoja au wawili wamelala ubavu chini. Wamebaki watano: gapi watatu na wale wa dhahabu. Gapi aliyekufa jana nilimchunguza: matamvua mekundu kama yamebabuka, mapezi yamejikunja kama mwavuli uliofungwa.

Vipimo nilivyonavyo: pH (kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, 7 ni katikati) kwa karatasi inasoma kama 8.4. Kipimajoto saa kumi na mbili asubuhi nyuzi 18. Binti aliwapa wote majina. Sasa hivi akiamka anauliza tu wamebaki wangapi.

Mdau wa Kijenge

Pole sana mkuu. Hiyo ni floridi hiyo, yale madini ya majini yanayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya Meru yanajulikana, angalia meno ya watoto wa Arumeru. Chemsha maji, yapoe, ndiyo uwawekee.

Mama Gapi, Njiro

Baba Wawili, pole, na mpe binti pole zangu. Mimi nina gapi kwa mwaka wa nne sasa, na mwaka wa kwanza nililia kama wewe.

Nianze na floridi ili tuiweke pembeni. Ni kweli maji mengi ya huku yanayo, na kwa binadamu Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Lakini kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Na gapi wangu wanazaliana kwenye maji ya bomba ya mji huuhuu. Kinachoua samaki ndani ya siku tano ni kitu kingine.

Ni usafi wako. Sisemi hivyo kukulaumu, nasema kwa sababu hakuna aliyekuambia. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinaiongeza. Hiyo amonia inawababua matamvua, ndiyo maana wanapanda juu: hewa ipo majini ila hawawezi kuivuta. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hawaelei, wameganda kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye vioo. Ule utelezi unaousugua kila Jumamosi ndimo wanamoishi. Wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujenga kundi la kutosha, na wewe kila baada ya siku 7 unawarudisha sifuri, kwa klorini ya bomba na kwa sabuni. Sabuni usiitumie tena kabisa, hata ukisuuza mara kumi.

Sasa sikiliza jambo la huku kwetu. Amonia ina sura mbili majini, na ile kali inaongezeka pH inavyopanda. Maji yakiwa na pH 7 na nyuzi 25, ile kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.5 ni kama asilimia 15. Kosa ambalo mtu mwenye maji ya pH 7 analifanya na samaki wake wakapona, kwako wewe wa 8.4 linaua.

Fanya hivi kuanzia leo. Usiwalishe siku mbili, hawatakufa njaa. Badilisha robo ya maji, kesho kutwa robo nyingine, uendelee hivyo. Maji mapya yalale kwenye ndoo wazi saa 24 na pampu ikipuliza, klorini ya kawaida itatoka, au tumia dawa ya kuondoa klorini kama unaipata. Kabla ya kumimina, ongeza maji ya birika kidogo kidogo yalingane joto na ya tangi. Sponji usiiguse. Ikiziba kabisa, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, siyo bombani. Na usinunue samaki mwingine hata mmoja mpaka nikuambie.

Mdau wa Kijenge

Asante kwa elimu mama. Ushauri wangu wa kuchemsha naufuta.

Kijana wa Pasua, Moshi

Nakazia alichosema Mama Gapi. Niongeze la joto. Sisi Moshi tuko chini kidogo, Julai tunapona, lakini Arusha iko kama mita 1,400, mkuu nyuzi 18 ni baridi sana kwa gapi. Wanataka 24 hadi 27. Na bakteria nao kwenye baridi wanakua polepole. Hesabu ya kawaida ya hita ni wati 1 kwa lita, ila kwa kupandisha nyuzi 7 au 8 chukua ya wati 100. Usipandishe kwa siku moja, nyuzi mbili kwa siku inatosha. Na ichomoe kabla hujapunguza maji, ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto kioo chake kinapasuka.

Umeme ukikatika usiku, wa kwanza kuumia ni wale bakteria kwenye sponji, maana wanahitaji hewa inayopita. Mimi nina pampu ndogo ya betri za tochi, inajiwasha yenyewe. Tangi nalifunika blanketi pande tatu. Kama huna pampu ya betri, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Inachosha lakini nimewahi kukesha nayo na hakufa hata mmoja.

Mama Gapi, Njiro

Halafu wale wa dhahabu watoe hapo. Ni samaki wa maji ya baridi, hizo nyuzi 18 wao wanazipenda, ndiyo maana wamebaki. Wanachafua maji kupita kiasi na wanakua kupita sentimita 15. Kama una beseni kubwa au bwawa dogo nje, waweke huko. Na enjelifishi akikua anameza gapi, kwa hiyo usiwarudishe pamoja.

Mzee wa Kigoma, sasa Usa River

Wanangu mmesema vizuri. Mimi namwambia Baba Wawili asiyachukie maji yake. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na maji yale pH yake inakaribia 9. Lile ziwa lina samaki wadogo, jamaa wa sato na perege, ambao mashabiki wa Ulaya wanahangaika kuongeza madini kwenye maji yao ili waishi. Wapo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Huyu aitwaye Neolamprologus multifasciatus hafiki hata sentimita 5, na ukimtilia mchanga na makombe kadhaa anauchimba kwa mdomo, anauhamisha punje kwa punje mpaka kombe lake lizame liwe sawa na sakafu. Jirani akisogea anafukuzwa. Tangi lako la lita 55 linawatosha kabisa, ila wasichanganywe na gapi. Watoto wanaweza kukaa saa nzima wanawatazama.

Ila hata hao watataka tangi lililokomaa. Na tafadhali, samaki mkiwachoka msiwamwage Mto Themi wala Ziwa Chala. Chala ina perege wake ambao hawapo popote pengine duniani, mgeni mmoja anaweza kuwamaliza.

Baba Wawili, Sakina

Shikamoo mzee. Mama Gapi, nimesoma maelezo yako mara tatu, mara ya tatu nimemsomea binti. Nilikuwa nikijisifu kwa lile tangi kung'aa. Hita nimeagiza. Swali: kuna njia ya kufupisha hizo wiki 6? Naogopa hawa watatu hawatafika.

Mama Gapi, Njiro

Ipo. Njoo na ndoo yenye mfuniko Jumapili baada ya ibada. Nitakukatia nusu ya sponji yangu ya zamani, ni nyeusi na inanuka udongo, usishtuke. Isikauke njiani na usichelewe, ndani ya saa moja iwe kwenye tangi lako. Inaleta bakteria walio hai, siku zinapungua sana. Tafuta na kipimo cha matone cha amonia na nitriti, karatasi ya pH peke yake haikuambii sumu ilipo.

Baba Wawili, Sakina

Narudisha mrejesho, leo ni siku ya 23. Sponji ya Mama Gapi iko ndani, hita inashikilia nyuzi 25, wa dhahabu wako kwenye bwawa la shemeji Ngaramtoni. Wiki ya kwanza amonia ilisoma 1, nikabadilisha robo ya maji kila siku. Tangu juzi amonia 0, nitriti imeshuka hadi 0.25. Gapi wote watatu wapo, mapezi yamefunguka. Vioo vina utelezi wa kijani, nimeuacha.

Asubuhi binti kaniamsha kabla ya saa kumi na mbili. Kuna vitoto, amehesabu saba, vimejificha nyuma ya sponji, macho tu ndiyo yanaonekana. Niwatenge na wakubwa?

Mama Gapi, Njiro

Hongera kwa binti! Watenge ndiyo, mama yao mwenyewe atawala. Chupa ya lita 5 ikatwe juu, itobolewe matundu madogo kwa sindano ya moto, ielee humo humo tangini ili wabaki kwenye joto na maji yale yale. Kiini cha yai lililochemshwa, unachovya ncha ya kijiti tu, mara mbili kwa siku, mabaki uyanyonye kwa mrija. Nitriti ikisoma 0 siku tatu mfululizo niandikie.