Bunduki ya mitutu miwili imechujuka weusi, niichemshe kwenye kostiki?

Mwana wa Pangani:
Wakuu, salaam. Niko Minnesota, nawinda sungura. Bunduki yangu ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, imechujuka weusi pale mkono unaposhika, na kutu imeanza vidoadoa karibu na mdomo. Jamaa ana sufuria la kostiki (magadi makali ya kuchemshia chuma kiwe cheusi), anasema dakika ishirini tu inatoka nyeusi tii. Nikubali?

Fundi Msasa:
Usikubali, ndugu yangu. Mitutu hiyo imeungwa kwa lehemu ya madini ya risasi na bati, na kimkanda cha juu kinachopita kati yake vilevile. Kostiki inayochemka nyuzi 140 inaila lehemu. Hata ikitoka inang'aa, chumvi hujificha chini ya mkanda na kutu huanzia humo, usikokuona. Ingekuwa mtutu mmoja wa chuma kitupu ningenyamaza.

Wewe tumia kutu yenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi ndani, ifungue, toa weusi wa zamani kwa msasa laini, futa mafuta kwa asetoni. Kuanzia hapo vaa glavu, maana alama ya kidole itabaki mpaka mwisho. Paka dawa ya kutuisha, nyembamba mno, pitisha mara moja usirudie. Itundike penye unyevu mpaka ivae vumbi jekundu kama la kahawia. Ichemshe kwenye maji yaliyotoneshwa dakika kumi na tano: wekundu unageuka weusi mbele ya macho yako, na hapo ndipo raha ya kazi ilipo. Sugua taratibu kwa stilwaya laini kabisa, uliyoiosha kwa asetoni kwanza kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta. Rudia mpaka weusi ukolee, mara nyingi ni duru sita au zaidi. Maji ya nyuzi 100 hayaigusi lehemu.

Mama Zuhura:
Na ile dawa ya chupa ya kupaka baridi?

Fundi Msasa:
Dada, hiyo inafaa kichwa cha skrubu. Mkononi huchujuka upesi, na ina seleniamu, ni sumu: glavu, na mlango wazi.

Mwana wa Pangani:
Nimekuelewa, mkuu. Ndani ya mitutu je, nizibe kwa mbao?

Fundi Msasa:
Hapana! Hewa ikipashwa moto humo hukirusha kizibo pamoja na maji yanayochemka. Paka laka ndani, ikauke, uitoe kwa asetoni ukimaliza. Kisha mafuta ndani na nje siku hiyohiyo.