Bastola kiunoni na joto hili la Mombasa, wenzangu mwavaa vipi mchana kutwa?

Mtu_wa_Makupa

Salaam wakubwa na vijana. Laisensi yangu imetoka juzijuzi baada ya fomu, alama za vidole, mahojiano na mzunguko wote ule mnaoujua, kwa hivyo wale wa kuuliza kama ni halali jibu ni ndio na kadi ninayo. Nauza spea za malori huku Makupa na jioni huwa nafunga na hesabu mkononi, ndio sababu nikaomba.

Silaha ni Glock 19, hiyo sina neno nayo. Shida ni kuibeba. Nina holsta, yaani ala ya bastola, ya kitambaa laini, ile ya ndani ya suruali yenye klipu moja, naivaa kulia nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Asubuhi sawa. Ikifika adhuhuri jasho limeteremka mgongo mzima, kitambaa kimelowa chapa, ngozi imechubuka, nikiketi kwenye gari mpini wanidunga mbavu, nikisimama suruali yateremka upande mmoja nabaki kuivuta juu mbele ya wateja. Na nikiinama kwenye boksi la spea najua kabisa shati limepanda na kijana wa dukani ashaona. Juzi aliniuliza "boss mgongo wauma?" akacheka.

Maisha yangu ni gari kidogo, tuktuk, mara bodaboda, na wikendi feri kwenda kwa mama Likoni. Ijumaa kanzu. Koti siwezi, nitakufa. Nimefikiria hata kuiacha kwenye dashbodi niwe naichukua jioni tu wakati wa kufunga. Nyinyi mwafanyaje?

Ami_Kibokoni

Mwanangu hongera kwa laisensi, lakini hiyo holsta ya kitambaa itoe leo, na wala si kwa sababu ya jasho. Kitambaa laini ukishachomoa bastola mdomo wajifumba, sasa kurudisha wataka mkono wa pili uufungue, na hapo ndipo mkunjo wa kitambaa ama upindo wa shati waingia kwenye triga. Glock haina kile kitufe cha kidole gumba kama bastola za Ceska, usalama wake wa nje ni ule ulimi mdogo ulio kwenye triga yenyewe. Kikiingia kitu kikaibonyeza, yalia, na paja ni lako.

Tafuta holsta ngumu, ile plastiki ya Kydex, iliyofinyangwa kwa umbo la Glock 19 hasa, zile za "yaingia bastola zote" achana nazo. Ifunike triga yote pande zote mbili na ukiibinya kwa vidole pale isibonyee. Halafu angalia upande unaokaa mwilini, kuwe na kipande kimepanda juu mpaka mwisho wa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, hicho ndicho chazuia jasho lisimwagikie chuma na chuma kisikukwaruze ngozi. Plastiki hainyonyi jasho, jioni waiosha kwa maji, waifuta, basi. Fulana ya pamba ichomekwe ndani ya suruali kwanza, holsta ikae juu ya fulana. Nguo mbili kwa joto hili najua utalalamika lakini fulana ndiyo itakayokunywa jasho badala ya ngozi yako kuchubuka.

Lakini hayo ya suruali kuteremka na mpini kudunga, holsta peke yake haitayamaliza, kwa sababu kosa liko kwenye mkanda. Naweka shilingi yangu hapa kwamba umevaa mkanda wa suti, ule laini wa kung'aa. Glock 19 na magazini, kile kisanduku cha risasi, imejaa ni kama gramu 850, mkanda ule hauwezi kubeba hivyo kutwa, wajipinda, bastola yalala nje, mpini watokeza, nawe wakaza zaidi mpaka tumbo linauma. Taka mkanda wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana inchi moja na nusu, ukiushika ubavuni usikunjike. Na suruali uongeze saizi moja kiunoni. Watu wanunua holsta tatu nne mfululizo hawajawahi kubadilisha mkanda.

Dashbodi futa kichwani. Sheria ya silaha, Sura ya 114, yakutaka uilinde isipotee wala isiibiwe. Iwe mwilini mwako ama kwenye sefu. Gari laenda kuoshwa, laenda kwa fundi, lapigwa kioo usiku, na ikipotea utakuwa wewe unayeandika taarifa kituoni, si mwizi.

Glokista_Nyali

Ami heshima yako, kwenye mkanda sina la kupinga, ila hapo pa nyuma ya nyonga kwa mtu wa dukani sikubaliani. Mtu ainama kutwa. Kila akiinama shati lapanda na mgongo wajichora. Mimi navaa mbele, kulia kwa kitovu, miaka sasa, na sirudi nyuma. Ukiinama shati laning'inia mbele lafunika lenyewe, ukiwa kwenye gari mpini haugusi kiti, na kwenye feri vile watu wabanana wakati wa kushuka hakuna atakayekupapasa nyuma bila wewe kujua. Bodaboda pia, pale Nyali Bridge upepo wapeperusha shati lote nyuma, mbele labaki limekubana.

Sasa wengi wajaribu siku mbili wasema yadunga tumbo waacha. Yadunga kwa sababu mtutu umelala kwenye mwili na mpini umesimama nje. Weka kipande cha sponji ngumu kwenye holsta upande wa mwili, chini kule kwenye mtutu, utaona mpini waingia tumboni wenyewe. Holsta nyingine zina kile kibawa cha plastiki karibu na triga, mkanda wakikanyaga nacho chasukuma mpini ndani. Hivyo viwili ndivyo vyaficha bastola, shati ni la kumalizia tu. Halafu panda nayo juu ama shuka nayo chini kidogo kidogo kwa zile skrubu za klipu mpaka ukiketi isikudunge juu wala chini, hii kila mtu na mwili wake hakuna wa kukupimia.

Onyo moja kubwa. Ikiwa mbele, mtutu waangalia mahali usipotaka uangalie. Kwa hivyo mimi sirudishi bastola kwenye holsta ikiwa kiunoni. Natoa holsta nzima, naingiza bastola nikiangalia kwa macho, halafu navaa vyote pamoja. Jioni navua vyote pamoja vile vile, triga imefunikwa muda wote.

Na kwa mwenye kitambi, sijui, hapo Ami ana haki, nyuma patamfaa zaidi.

Ami_Kibokoni

Umeniambia nina kitambi kwa adabu nzuri sana 😂

Hiyo ya mbele mwambie na habari ya choo basi. Vyoo vyetu vya kuchuchumaa, ukiwa na chuma mbele ya tumbo utajua hujui.

Glokista_Nyali

Ami hiyo kweli 😂😂 Ila iwe mbele iwe nyuma, chooni haitolewi. Usiiweke juu ya tangi la maji wala usiitundike msumarini, ndivyo watu wanavyozisahau. Ibaki ndani ya holsta, holsta ibaki kwenye mkanda, funga bizimu la mkanda tena suruali ikiwa magotini ili isianguke, uishike kwa mkono mmoja. Si jambo la kupendeza kuandika ila kila anayebeba lazima alijue.

DadaSonara

Kaka zangu mwaongea kana kwamba kila mtu avaa jinzi na mkanda. Mimi niko duka la dhahabu na nina laisensi kabla ya wengi wenu hapa. Dera halina kiuno, buibui ndio kabisa. Watu wa kwanza kunishauri wote waliniambia tia kwenye mkoba. Mkoba hapa mjini wanyakuliwa na bodaboda unatazama, sasa umempa mwizi simu, pesa na bastola kwa mpigo mmoja. Na mkoba wawekwa chini, kwenye kiti, juu ya kaunta, mtoto wa mteja aufungua atafuta peremende. Kama hamna budi basi uwe na mfuko wake peke yake wenye ganda gumu ndani lililofunika triga, usiingie kitu kingine humo hata funguo, mshipi upitishwe shingoni na begani usivuliwe mpaka nyumbani. Mimi sikutaka maisha hayo.

Navaa suruali ya kawaida ndani na mkanda wangu, holsta ngumu mbele kidogo ya nyonga, buibui juu, ile yenye kufunguka mbele. Haichoreki hata kidogo, nyinyi wa tisheti mwateseka bure. Ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka tumbo niliuvaa pia, wakaa vizuri lakini kwa joto la kaskazi ni kama kujifunga blanketi tumboni, na kama hauna ganda gumu kwenye triga usiuguse kabisa.

Nyingine, bastola yenyewe. Nina Glock 43X, tupu bila magazini ni gramu 465, hiyo 19 yako ni kama 600 na ni nene zaidi. Risasi 10 badala ya 15, lakini ikifika saa tisa alasiri kila gramu utaihisi. Sikwambii ubadilishe, maana silaha uliyoandikiwa ndiyo hiyo na kubadilisha ni kurudi tena kwenye bodi ya laisensi, ila asiyenunua bado ashike zote mbili kwanza.

Chokozi_Kisauni

Yani jasho lote hili kwa ajili ya nini jamani, pesa siku hizi ziko kwenye simu. Mimi nafunga mapema naenda zangu mabuyu na kahawa, kiuno chepesi.

Mtu_wa_Makupa

Chokozi wateja wangu wengi ni madereva wa transit, wa Kampala, wa Congo, hao walipa noti, tena saa mbili usiku lori limekwama na lataka kuondoka. Kama ungekuwa wewe ungefunga mapema?

Ami umepiga ndipo, mkanda ni wa suti 😅. Dashbodi nimeiacha. Dada asante. Nimewaelewa kwamba holsta iwe ngumu na mkanda uwe mgumu, hapo sina swali tena, ila mbele ama nyuma nyote mwavutana. Na kanzu je?

Ami_Kibokoni

Ijumaa iache sefuni mwanangu. Iko nyuma, ukienda rukuu kanzu yanata mgongoni na mpini wajichora, aliye safu ya nyuma hana pengine pa kuangalia. Iko mbele, ukisujudu yakutoboa tumbo na sala yenyewe hutaijua. Na akitokea mmoja tu akadhani ni kitu kingine, msikiti mzima utatoka kwa dirisha. Muda wa saa mbili bila bastola hutadhurika.

Mbele ama nyuma, jaribu nyumbani kwanza ikiwa tupu, risasi ziko chumba kingine kabisa, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi ikaapo tayari kupigwa, haina kitu. Vaa kuanzia asubuhi siku huendi kazini, panda gari, shuka, inama, funga viatu, chuchumaa. Mwili wenyewe utakwambia. Mkeo akuangalie kwa nyuma, wake hawafichi.

Na kadi weka mfuko wa upande usio na bastola. Kwenye ukaguzi wa feri ama mlango wa duka kubwa usingoje mashine ilie, mwambie askari kwa sauti ya chini "nina silaha ya laisensi", mikono ionekane, na utakapotoa kadi mkono usielekee kule iliko bastola. Usipandishe shati kumuonyesha. Kijana mwenye kirungu akiona mtu afunua shati hatangoja maelezo.

Bandarini_Zamu

Naongeza la kutu maana hakuna aliyeligusa. Jasho ni chumvi na hewa yetu ni chumvi. Slaidi ya Glock yavumilia, lakini Ceska za zamani zile za rangi ya bluu-nyeusi zaweza kuanza madoa ya hudhurungi upande wa mwilini usipoziangalia. Jioni ukishaitoa risasi, futa kwa kitambaa kikavu halafu kingine chenye mafuta kidogo sana, usiimwagie, mafuta mengi yashika vumbi na pamba ya fulana. Usiilaze usiku ndani ya holsta ya ngozi iliyolowa. Na zile risasi za juu kwenye magazini ziangalie, ganda likianza kuwa kijani ziondoe. Kwenye sefu weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, twavitupa bure.

Mashati nayo: yenye maua ama drafti, mapana kidogo, pindo lililonyooka. Shati jeupe moja rangi likilowa laonyesha mpaka skrubu.

FundiNgozi_Mwembe

Mimi silaha sina wala sitaki, lakini mikanda hiyo ya ngozi mbili nashona, na wateja wa aina yenu nawajua kwa maswali yao. Makupa usiniletee saizi ya suruali, kila mtu aja na saizi ya suruali halafu mkanda waja mfupi. Vaa suruali utakayovaa, holsta iwe ndani, tupu tafadhali ukija kwangu, halafu pima kwa utepe kuzunguka kiuno juu ya vyote hivyo. Namba hiyo ndiyo ya tundu la katikati. Naweka matundu mawili huku na mawili huku, karibu karibu, maana baada ya futari ya Ramadhani na baada ya kazi si kiuno kimoja. Bizimu wataka la chuma la kawaida ama lile bapa? Ukivaa mbele, bapa, na ulisogeze kushoto lisikae juu ya holsta.