Seva yangu ya klaudi yalala kila mara, watu wanambia nihamie Kubernetes. Nianzie wapi jamani?

kijana_tudor
Assalam aleikum wadau. Mie niko hapa Mombasa, nimetengenezea ofisi moja ya kliaringi kisistimu cha kufuatia mizigo, karani anaingiza namba ya kontena na tarehe ya meli, mteja anaangalia kwa simu mzigo wake umefika wapi. Niko na seva moja ndogo klaudi, ndani yake Docker na kontena tatu (hizi si za bandarini, ni visanduku vya kuendeshea programu), nginx ya kupokea wageni wa mtandaoni, programu yenyewe ya Python na Postgres ya kuhifadhi data. Imetembea vizuri miezi mitatu, tangu wiki jana inalala. Saa mbili asubuhi makarani wanafungua hakuna kitu, simu yangu inaanza kulia, nikiizima kule kwa klaudi nikaiwasha inaamka siku moja tu halafu yalala tena. Na kila nikiiwasha IP, yaani anwani yake mtandaoni, imebadilika, kwa hivyo hata ikiamka wao wanaona imekufa. Jamaa yangu keshanambia ni kwa sababu sina Kubernetes, ile ya kusimamia kontena kwenye seva nyingi, nimefungua video nimeona podi, nodi, ingresi, kichwa kikazunguka. Sitaki kubahatisha, hawa watu wameniamini na mizigo yao, kontena ikipitisha zile siku za bure bandarini ni wao wanaolipa. Nisome nini kwanza?

fundi_likoni
Waleikum salaam. Ndugu yangu, kabla hujasoma lolote ingia kwa seva na ssh sasa hivi, andika `df -h` inayoonyesha nafasi ya disiki, ubandike hapa. Seva inayoamka ukiiwasha upya kisha ikalala tena, mara nyingi ni disiki imejaa au memori imeisha.

Hiyo IP isikutie hofu, kama uko EC2, zile seva za kukodi za Amazon, ndivyo ilivyo, ukistop na kustart unapewa ya umma mpya, ukireboot inabaki ile ile. Chukua Elastic IP, yaani IP isiyobadilika, uifunge kwa mashine yako yaishe. Tangu Februari 2024 kila IPv4 ya umma inalipiwa dola 0.005 kwa saa, hata hiyo yako ya kubadilika, kwa hivyo hapo huongezi gharama.

kijana_tudor
Ndiyo hii, na kwa logi ya Postgres (faili inamoandika matukio yake) naona "No space left on device", yaani nafasi imeisha

`/dev/root  7.6G  7.6G  0  100%  /`

fundi_likoni
Basi si Kubernetes. Uliichukua na ile disiki ya giga 8 ya mwanzo hukuiongeza. Ukiiwasha upya /tmp, folda ya mafaili ya muda, inasafishwa unapata kanafasi kidogo, ndiyo maana inapumua siku moja. Sasa tafuta nani amekula: `sudo du -h --max-depth=1 /var/lib/docker/containers`. Docker usipoiambia lolote inaandika logi za kila kontena kwa faili moja la json bila kikomo, hilo faili linakua tu wala hakuna wa kulikata.

dada_kisauni
Naongezea hapo kaka, na tafadhali shika hili: usije ukakopi kutoka mtandaoni `docker system prune`, ile ya kufuta visivyotumika, yenye `--volumes` wakati Postgres imezimwa, inaweza kuondoka na data yako. Punguza logi peke yake:

`sudo sh -c 'truncate -s 0 /var/lib/docker/containers/*/*-json.log'`

Halafu kwa /etc/docker/daemon.json weka max-size ya 10m na max-file ya 3, yaani faili la logi lisipite mega 10 na yasizidi matatu, urestati Docker, na kontena uziunde upya kabisa, maana hiyo setingi haizigusi zile za zamani. Na `pg_dump`, ya kutoa nakala ya data ya Postgres, kila usiku, faili lipeleke S3, hifadhi ya Amazon, bekapu ikikaa kwa disiki ile ile si bekapu.

Kuhusu Kubernetes. Hilo neno ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Sisi watu wa hapa tunalielewa vizuri, meli kubwa ikija Kilindini rubani anaifuata huko nje ndipo aiingize, lakini mwenye ngalawa moja haiti rubani, anajua upepo na mkondo wake mwenyewe. Wewe una ngalawa moja. Ijue: `docker ps`, `docker logs`, `free -h`, `journalctl`, poti gani iko wazi na kwa nani. Ukishakuwa na seva kumi zinazobidi kusaidiana, hapo Kubernetes utaitaka mwenyewe na utaielewa haraka. Kabla ya hapo mie ningekwambia soma Terraform, ukiandika seva yako kwa faili unaweza kuisimamisha nyingine upya hata hii ikizama yote, na `terraform plan` inakuonyesha itakachobadilisha kabla hujaguza kitu.

kijana_tudor
Wallahi mmeniokoa. Faili moja tu lilikuwa 4.9G, la ile programu ya Python, niliacha DEBUG imewashwa tangu siku za kujaribu, kila karani akifungua ukurasa inaandika kwa kirefu. Nimezima, logi nimeweka kikomo, disiki sasa iko 34%. Elastic IP nshafunga. Pg_dump nimeiweka kwa kron, ijiendeshe yenyewe kila saa nane usiku, kesho nitajaribu kuirudisha kwa laptopu nione kama inafunguka kweli.

dada_kisauni
Hapo sawa. Ukishairudisha hesabu safu za jedwali la mizigo, ulinganishe na za kwenye seva, na utwambie.