Zimebaki raundi 188, mtu anabonyeza STOP: "Ilikuwa imeganda, nimekusaidia"

Wakuu, natetemeka, mnisamehe herufi zikipishana.

Mnamjua. Mwenzangu wa kazini, yule yule wa kisa cha printa.

Nina butistrapu (unachota sampuli upya na upya kwenye data ile ile, kila mara unakokotoa modeli) ya raundi 5,000 kwenye R, programu ya takwimu, modeli ya ngazi mbili, kila raundi sekunde 45. Nimeiwasha Ijumaa saa 3 usiku. Nimelala nayo, nimeamka nayo, Jumapili nimekosa ubatizo wa mtoto wa dada kwa ajili yake. Leo Jumatatu saa 3 asubuhi iko 4,812. Nikashuka kununua chapati mbili. Chapati mbili!

Narudi, jamaa kakaa kwenye kiti changu: "Ilikuwa imeganda, nimekusaidia."

NIMEKUSAIDIA! Kasimama nusu dakika, kaona namba haibadiliki, kahukumu. Sekunde 15 tu angeiona 4,813. Hata yai la kuchemsha linasubiriwa!

Halafu akafunga programu nzima. Ikamuuliza kama ahifadhi vilivyomo, akajibu hapana. Namuuliza kwa nini, ananijibu "si unaanza upya tu?" Upya! Saa 60 basi linatoka Dar linafika Bukoba na kurudi, na dereva kalala!

Nimekusaidia. Daah.

Sampuli Tupu: Pole mkuu. Ila uliweka `saveRDS`? Kila raundi 100 unamwaga matokeo kwenye faili. Ukiwasha tena, `file.exists` inaangalia kama faili lipo, lupu (mzunguko wa raundi) inaendelea ilipoishia.

Mleta uzi: Nimeuliza saveRDS mimi? Mtu kakalia KITI CHANGU!

Bibi Takwimu: Maana yake hakuweka 😂 Siku tatu zote kwenye memori, kama mtu anayepita Kariakoo na mshahara mkononi.

Ndizi Mzuzu: Kama ni lupu ya `for` ya kawaida, nje ya fanksheni, kubonyeza STOP hakuui kitu. Vekta ya matokeo inabaki, `i` (namba ya raundi) inabaki. Unaendelea na `for (i in 4813:5000)`.

Mleta uzi: KAFUNGA PROGRAMU. Soma uzi.

Sampuli Tupu: Na ukihifadhi, hifadhi na `.Random.seed`, yaani pale namba za bahati nasibu zilipofikia. Ukirudia `set.seed` ile ile, namba zinaanza mwanzo, zile 188 zitakuwa nakala ya sampuli za mwanzo.

Kijiti: Bora wako kabonyeza tu. Wangu kaandika `break` (toka kwenye lupu) badala ya `next` (ruka raundi hii) kwa modeli zinazogoma. Raundi ya 9 ikagoma, lupu nzima ikatoka. Ripoti imekwenda na kosa sanifu (kipimo cha makadirio yanavyoyumba) la sampuli 8!

Bibi Takwimu: Nane?! Na bosi kasaini?

Kijiti: Kasaini.

Mzee wa Do-file: Nyie watoto wa R mnadeka. Sisi wa Stata, programu nyingine ya takwimu, matoleo ya kabla ya 16, ukisahau `set more off`, asubuhi unakuta `--more--` kwenye skrini inakusubiri ubonyeze kitufe. Usiku mzima imekaa tu!

Ndizi Mzuzu: Yote tisa, kumi umeme. Juzi umekatika saa 10 alfajiri, raundi zimebaki 40.

Kijiti: Nunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta.

Mzee wa Do-file: UPS gani ya kubeba desktopu usiku kucha? Ile yangu inapiga kelele dakika kumi, kwisha.

Mleta uzi: Wakuu, kapita hapa sasa hivi. Ananiuliza eti ile kitu imeshamaliza.

Ndizi Mzuzu: Mzee, betri ya sola je? Amp ngapi inatosha?